Mkono wa Kushoto wa Baba

Chuoni, Iringa
12 Februari 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na Dada Dorkas na majirani wote wa hapo Kinampanda. Mimi sijambo, ila mvua ya Iringa haina adabu, nguo zangu zina siku nne kwenye kamba. Alizeti inaendeleaje? Nasikia mvua zilichelewa huko Iramba. Miwani yako sijaisahau. Nitakuja nayo.

Baba, Jumapili iliyopita ilikuwa zamu yangu kuhubiri hapa chuoni, nikahubiri habari zako. Niliwaeleza jinsi mashine ya kukamua alizeti ilivyokukata vidole vitatu vya mkono wa kulia nikiwa kidato cha pili, na jinsi ulivyojifundisha kuandika kwa mkono wa kushoto ili mtoto aliye bwenini asikose neno la mzazi wake. Watu walilia. Mwalimu mmoja aliomba aone barua yako ya Krismasi, akasema hata wenye mikono yote miwili hawaandiki vizuri hivyo.

Sasa nina jambo, nakuomba usikasirike. Uliniita Mathayo kwa ajili ya kile kitabu. Muhula huu tumefundishwa kwamba yule mtoza ushuru huenda hakukiandika. Ndani ya kitabu chenyewe hakuna mahali ambapo mwandishi anajitaja. Jina liliwekwa juu baadaye sana, kanisa lilipotaka kutofautisha Injili moja na nyingine. Tena kimeandikwa kwa Kiyunani, na sehemu kubwa imetoka kwa Marko. Aliyeona kwa macho yake ana haja gani ya kuchukua maneno ya mtu ambaye hakuwepo? Marko naye jina lake liliwekwa hivyo hivyo. Yohana alikuwa mvuvi, na Matendo yanasema hakuwa na elimu. Luka peke yake ndiye anayekiri kwamba amefuatilia habari za wengine, lakini naye hasemi yeye ni nani. Tumefundishwa hata namna ya kupima. Neno linalomwaibisha aliyeliandika huenda ni la kweli, maana nani angejitungia aibu?

Nililia siku mbili, halafu nikatulia. Walioandika hasa wamesahaulika, na kwa maoni yangu haidhuru. Neno limefika. Jina lililo juu linatosha.

Nitabarikiwa uchungaji mwakani, mwezi wa nne. Kabla askofu hajaniwekea mikono, nataka uniwekee wewe, pale uwanjani kwetu. Bila wako, wa askofu utakuwa uzito tu kichwani. Niruhusu nije Pasaka.

Mwanao mtiifu,
Mathayo


Kinampanda
3 Machi 2023

Kwa Mathayo,

Marahaba. Sisi ni wazima, alizeti imeota. Salamu zimetosha.

Barua yako kondakta aliileta na imesomwa yote. Kwa hiyo niliwatoa nyumbani Mathayo, Marko, Luka na Yohana nikakukabidhi, na baada ya miaka mitatu unarudi huna hata mmoja. Mtu akienda mnadani na ng'ombe wanne akarudi na kamba mkononi, sisi huku hatumwiti msomi.

Unasema ulilia siku mbili kwa ajili ya watu waliokufa zamani. Mama yako alipokufa ulikuwa na miaka saba. Ulilia nusu siku, ukaomba uji. Uji huo kuna mtu aliupika. Umewahi kumuuliza mtu huyo alilia siku ngapi?

Na unasema walioandika wamesahaulika na haidhuru. Haidhuru kwa nani? Mwenye kuandikiwa ndiye anayesema haidhuru. Mwenye kuandika hajaulizwa.

Jina lako nililitoa juu ya kitabu. Kama juu ya kitabu hapakuwa na Mathayo, basi nami sina mtoto wa jina hilo. Usije Pasaka. Mkono wangu wa kulia una vidole viwili, haviwezi kumbariki mtu mwenye akili nyingi kiasi hicho.

Baba yako,
Elisha


Chuoni, Iringa
20 Machi 2023

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Tangu nizaliwe hujanisemesha hivyo, hata siku ile niliyoacha mbuzi wakala mahindi ya mchungaji.

Nimepiga simu mara sita. Dada Dorkas anapokea, anasema umekaa uani na hutaki simu. Namwomba akupelekee, nasikia kuku tu, halafu inakatika.

Baba, mimi sijaacha imani. Nilidhani mwinjilisti wa miaka thelathini na moja angetaka kujua ninachofundishwa, ndiyo maana nilikuambia wewe kabla ya mtu mwingine. Kama nimekosa, niambie niombe radhi kwa nani, nami nitaomba kwa magoti. Nitaacha hata kozi, ukitaka. Lakini nisibarikiwe na kila mtu isipokuwa wewe.

Miwani nimeshaiona dukani, ni kwenda kuichukua tu.

Mwanao,
Mathayo


Kinampanda
16 Aprili 2023

Kwa Mathayo,

Marahaba. Pasaka imepita, tulikula, tukashiba.

Miwani yangu iko njiani tangu mwaka juzi. Wana wa Israeli walikaa jangwani miaka arobaini, lakini wao walikuwa kwa miguu.

Unauliza uombe radhi kwa nani. Kwamba unauliza, hilo ndilo kosa lenyewe.

Sikia neno la mwisho na ulishike kama wosia. Nikiwa hai usikanyage uwanja wangu. Nikifa, usishike koleo juu ya kaburi langu. Ukithubutu kufika, kuna mtu nimemwachia maneno ya kutamka mbele ya watu wote, na laana ya baba haina dawa ya dukani. Sisi wa kijijini tunalijua hilo bila kwenda chuo.

Usipige simu.

Baba yako,
Elisha


Chuoni, Iringa
17 Desemba 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hii ni barua ya tano bila jibu. Sikulaumu. Natumaini unaendelea vizuri na kifua hakikusumbui.

Miwani nimempa kondakta wa basi la Singida, imo ndani ya kiboksi cheusi, nimeandika jina lako juu. Ukiivaa, angalau soma hizi nne za nyuma, halafu uzichome.

Sijakanyaga Iramba, kama ulivyoagiza. Nilifika Singida mjini mwezi wa kumi kwenye semina, nikaliona basi la Kiomboi likipakia. Nilisimama pembeni mpaka likaondoka. Nakutii, baba. Nataka ujue kwamba nakutii.

Krismasi njema.

Mwanao,
Mathayo


Chuoni, Iringa
2 Machi 2024

Dada mpendwa Dorkas,

Shikamoo. Pole sana, dada yangu. Pole kwa kumuuguza na pole kwa kumzika.

Baba mdogo Petro alinipigia kutoka Itigi asubuhi ile ya tarehe 21. Nilifungasha begi. Nilifika stendi, nikakata tiketi, nikaketi kwenye kiti. Halafu nikaitoa barua ya baba ya mwezi wa nne, nikaisoma, nikashuka. Alikataza nisishike koleo. Ningefanyaje? Alinipa agizo moja tu, nikaona hilo angalau nisilivunje akiwa amelala kwenye jeneza.

Sasa Baba mdogo hapokei simu zangu. Najua wanasema nini. Mtoto wa kiume wa pekee, mtu wa Mungu, baba anafukiwa na majirani.

Wewe ulikuwa naye, dada. Alinisamehe? Alisema lolote juu yangu? Hata kama ni baya, niambie. Natakiwa kubarikiwa tarehe 14 Aprili na sijui kama mimi ni mtoto wa mtu.

Mdogo wako,
Mathayo


Kinampanda
15 Machi 2024

Mathayo,

Marahaba. Nimepoa, asante.

Watu walikuwa wengi, mpaka wengine walisimama barabarani. Kwaya tatu ziliimba. Ulipofika wakati wa watoto kutupa udongo, nilitupa mimi. Mchungaji akauliza, "Na Mathayo?" Nikasema una mitihani. Watu wakatazamana. Shangazi Asnath akatema mate chini.

Unauliza alisema nini. Alisema mengi, mgonjwa husema mengi. Hukuja, basi. Hayo umalizane na Mungu wako, yule mliyebakia naye huko chuoni.

Nguo zake nimegawa. Biblia yake ninayo.

Dada yako,
Dorkas


Chuoni, Iringa
23 Machi 2024

Dada,

Shikamoo.

Barua yako ilipofika niliiweka mezani, juu ya barua za baba. Nina arobaini na moja, tangu kidato cha pili. Sikuwa natafuta kitu. Nilitaka kuziweka pamoja tu. Nikaziangalia. Nikamwita mwenzangu wa chumbani, nikamfunikia majina ya chini, nikamuuliza ni watu wangapi wameandika hizi. Akasema mmoja.

Katika maisha yangu yote sijawahi kupokea karatasi yenye jina lako, dada. Hii ilikuwa ya kwanza.

Jana Shangazi Asnath alinipigia kwa simu ya jirani, akanitukana hadi salio likaisha. Alisema, "Baba yako amekufa anatazama mlango. Kila siku, Mathayo amejibuje, Mathayo anakuja lini!" Nikamwambia baba alinikataza. Akasema nina pepo.

Niambie kweli. Ni wewe? Na kama mkono ulikuwa wako, maneno yalikuwa ya nani? Nimeomba kubarikiwa kwangu kusogezwe mbele. Siwezi kupiga magoti bila kujua kama baba alinikubali au alinikataa. Sikuulizi kingine. Nipe neno lake.

Mdogo wako,
Mathayo


Kinampanda
7 Aprili 2024

Mathayo,

Marahaba. Mimi ni mzima. Mbuzi wamezaa na paa la jikoni linavuja. Nakuambia hayo kwa kuwa hukuuliza.

Ndiyo, ni mimi. Ni mimi tangu mashine ilipokula vidole vya baba. Alijaribu mkono wa kushoto siku moja, akaitupa kalamu, akaniita nitoke shambani. Uliporudisha barua ya kumsifu kwamba amejifundisha kushoto, mimi ndiye niliyemsomea. Nikangoja aseme, "Mwambie ni Dorkas." Akatabasamu, akasema, "Mwache aamini hivyo, itamtia moyo kusoma." Hivyo ndivyo mkono wa kushoto ulivyozaliwa. Umeuhubiri, watu wamelia. Ulikuwa mkono wangu wa kulia.

Msomi wa maandiko! Ulijua mzee hana vidole. Ulijua hana miwani, maana ni wewe uliyekuwa ukiiahidi. Kila mara unapokea kurasa mbili zilizonyooka, na hukujiuliza. Umempeleleza mtoza ushuru wa miaka elfu mbili iliyopita, na mtu aliyekupikia uji hukumwona.

Nilifaulu darasa la saba. Jina langu lilibandikwa ukutani shuleni, na mwezi huo huo mama akafa. Baba akasema, "Mathayo bado mdogo." Sikubisha. Nikakulea. Mwaka 2009 wazee wa Laurian walileta barua ya posa kutoka Mtinko. Unajua kwetu barua ya posa hujibiwa kwa barua. Baba aliniita, nikaketi mezani, akanitajia niandike: binti hayuko tayari, nyumba inamhitaji. Niliandika neno kwa neno, nikaweka jina la baba chini, nikaikunja, nikampa mshenga kwa mikono yangu, na uso nikautengeneza. Laurian ana watoto watano sasa. Katika barua zote nilizoandika, ninayoijutia ni hiyo, kwamba sikubadili hata neno moja.

Sasa barua yako ya mwaka jana. Nilimsomea yote, pamoja na haidhuru. Unadhani alikasirika? Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Labda na yule Mathayo wa kwanza mashine ilimkata vidole, akaandikiwa na binti yake." Akajifuta machozi ya kicheko. Halafu akasema, "Mwandikie aje Pasaka, nitachinja." Nilikwenda ndani kuchukua karatasi, nikamsikia bado anacheka.

Miaka kumi na saba, Mathayo. Na kumbe alikuwa anajua kwamba ni kitu cha kuchekwa.

Nikaandika nilichoandika. Barua zako zilizofuata nilimsomea za kwangu: unasalimia, una mitihani, utakuja mwezi ujao. Akitaka simu, namwambia hupatikani. Akawa anakaa mlangoni, anaangalia njia ya Kiomboi. Asnath hakudanganya. Miwani ilifika salama, ndani ya kiboksi cheusi. Ningempa, angesoma. Nimeivaa mimi hapa ninapoandika, na inanifaa.

Kukukataza maziko nilikupangia mapema. Nilitaka siku moja, hata kama ni hiyo, kijiji kitazame na kuona kwamba Elisha ana mtoto mmoja, na mtoto huyo ni mimi. Nilijua utatii. Nilikulea mwenyewe, najua ulivyo. Niliposhika udongo peke yangu nilifurahi, na sitatubu kwako.

Unaomba neno lake. Kuna karatasi ndani ya bahasha hii. Alinitajia tarehe 11 Februari, siku kumi kabla ya kufa, nikaandika, nisiitume. Hivyo ndivyo ninavyosema. Inawezekana pia nimeiandika leo asubuhi baada ya kulisha kuku, ili ubarikiwe unitoke kichwani, au ili usitulie tena mpaka uingie kaburini. Mwandiko ni ule ule, daftari ni lile lile, na Asnath hajui kusoma. Pima kama ulivyofundishwa. Utaona ilivyoniaibisha, kwa hiyo kwa kipimo chako ni ya kweli. Lakini kumbuka kipimo hicho ulinieleza wewe mwenyewe, kwa barua, na anayesoma barua nyumba hii ni mimi.

Ukishindwa kujua, haidhuru. Jina lililo juu linatosha.

Usinijibu.

Dada yako,
Dorkas


Kinampanda
11 Februari 2024

Mwanangu Mathayo,

Habari za masomo? Mimi nimechoka, lakini uji unapita. Naona umekawia, nadhani wamekubana na mitihani. Sina kinyongo.

Ile habari ya Mathayo isikunyime usingizi. Nimemhubiri miaka thelathini na moja, na sikuwahi kumdai sahihi yake. Mimi nilichotaka ni chakula, sikuuliza aliyepika.

Siku ya nane tangu uzaliwe nilikubeba kwenda kanisani, mvua ikatukuta pale bondeni. Nikakuingiza ndani ya koti, nikakushika kichwa kwa mkono huu ulipokuwa mzima. Ulilala mpaka tulipofika. Sasa umebaki na vidole viwili, lakini kichwa chako unakijua. Njoo nikuwekee. Usingoje Pasaka.

Ukifika, zungukia mlango wa nyuma. Wa mbele umevimba kwa mvua na mimi siwezi kuusukuma, na hapa nyumbani hakuna mtu mwingine. Niko peke yangu, nakungoja.

Baba yako,
Elisha